Reli kama Shule: Ushirikiano wa Serikali za Tanzania, Zambia na China katika Kuandaa Wafanyakazi wa TAZARA, 1967–1983

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna serikali tatu, yaani Tanzania, Zambia na China, zilivyoshirikiana kuandaa wafanyakazi wa Reli ya Uhuru kuanzia mkataba wa 1967 hadi mwaka 1983, wataalamu wa Kichina walipoingizwa tena katika uendeshaji wa reli hiyo. Tafiti nyingi zimeitazama TAZARA kama silaha ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, au kama sura moja ya Vita Baridi. Hapa inatazamwa kama shule. Hoja kuu ni kwamba ushirikiano huo ulifaulu kwa kiwango kikubwa kuzalisha ujuzi wa kujenga na kuendesha, lakini mpangilio wake wa wakati ulimwacha Mwafrika nje ya hatua ya usanifu, na haukuweka njia ya kulinda na kutambua ujuzi uliopatikana kambini baada ya ujenzi kumalizika.

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Julai 1976 serikali ya China ilizikabidhi rasmi serikali za Tanzania na Zambia reli ya kilomita 1,860 iliyounganisha bandari ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi katikati ya Zambia. Kumbukumbu za siku ile na maandishi yaliyofuata yametilia mkazo mambo matatu. La kwanza ni ushindi wa kisiasa dhidi ya utawala wa walowezi wa Rhodesia. La pili ni ajabu ya kihandisi: madaraja zaidi ya 300, mahandaki zaidi ya 20, na njia iliyopandishwa kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu za Makambako. La tatu ni ukubwa wa msaada uliotolewa na nchi ambayo wakati huo yenyewe ilihesabiwa miongoni mwa nchi maskini.

Kuna jambo la nne ambalo halijapewa uzito unaostahili. Siku baada ya makabidhiano, nani angeendesha treni? Nani angekagua madaraja, kupanga ratiba, kutengeneza injini iliyoharibika Mlimba usiku wa manane, na kutunza hesabu za mapato? Reli isiyo na watu wanaoijua ni chuma kilicholala juu ya mataruma. Serikali zote tatu zililifahamu hilo tangu mwanzo, na mafunzo ya wafanyakazi yakawa sehemu ya makubaliano yao.

Insha hii inajibu maswali matatu. Kwa nini ujuzi ulikuwa haba kiasi kile katika nchi mbili zilizokuwa na reli kwa zaidi ya nusu karne? Mafunzo yalitolewa kwa njia zipi? Na ni ujuzi upi uliobaki baada ya walimu kuondoka?

2.0 Uhaba uliotengenezwa

Ni kosa kudhani kwamba uhaba wa mafundi na wahandisi wakati wa uhuru ulikuwa hali ya asili. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli kutoka kusini ilivuka Mto Zambezi penye Maporomoko ya Viktoria mwaka 1905 na kuendelea hadi migodi ya shaba. Waafrika walikuwemo katika kazi za reli hizo tangu kifusi cha kwanza kilipochimbwa. Kilichokosekana ni ngazi ya kupandia.

Katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Nairobi, vyeo na mishahara vilipangwa kwa muda mrefu kwa kufuata rangi. Wazungu walishika uongozi na uhandisi, Waasia wakashika ukarani, ukuu wa stesheni na sehemu kubwa ya ufundi, na Waafrika wakabaki katika kazi za mikono na vyeo vya chini. Kaskazini mwa Zambezi hali ilikuwa ngumu zaidi. Reli ya Rhodesia ilisimamiwa kutoka Bulawayo, na kazi za ujuzi, ikiwemo udereva wa treni, zilihifadhiwa kwa wafanyakazi wa Kizungu. Reli hiyo iligawanywa mwaka 1967, ndipo Zambia ikapata shirika lake yenyewe.

Mwalimu Julius Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12 tu wazalendo. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu takriban 100 miongoni mwa wananchi wake Waafrika. Takwimu hizi zinaonesha kwamba mkoloni aliyejenga reli hakukusudia kumfundisha mwenyeji kuimiliki. Kwa hiyo, serikali mpya zilipofikiria kujenga njia nyingine, hazikurithi kundi la mafundi ambalo lilihitaji kuongezwa tu. Zilirithi ngazi iliyokatwa katikati.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia. Shaba ya Zambia, iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wake, ilitegemea reli na bandari zilizokuwa mikononi mwa walowezi na Wareno. Tukio hilo liliifanya njia ya kwenda Dar es Salaam kuwa hitaji la haraka, na haraka hiyo, kama itakavyobainika, iliathiri kwa kiasi kikubwa namna mafunzo yalivyopangwa.

3.0 Ujuzi ndani ya mkataba

Kabla ya kuigeukia China, Tanzania na Zambia zilitafuta msaada kwingineko. Benki ya Dunia haikuunga mkono mradi huo katika tathmini yake ya mwaka 1964, ikiona kwamba hautakuwa na faida ya kutosha kiuchumi. Nchi za Magharibi nazo hazikuwa tayari kuugharimia. Nyerere alizuru Beijing Februari 1965, na Kaunda akafuata Juni 1967. Tarehe 5 Septemba 1967 serikali tatu zilitia saini mkataba wa ujenzi jijini Beijing. Upimaji wa njia ulianza mwaka 1968. Itifaki ya Julai 1970 ikathibitisha mkopo usio na riba wa renminbi milioni 988, utakaolipwa kwa miaka 30, na mawe ya msingi yakawekwa Oktoba mwaka huohuo.

Nafasi ya mafunzo katika makubaliano hayo inaeleweka vyema ikitazamwa pamoja na msimamo uliotangazwa na Waziri Mkuu Zhou Enlai katika ziara yake ya Afrika mwanzoni mwa 1964. Kati ya kanuni nane za misaada alizozitaja, mbili zinahusiana moja kwa moja na mada hii. Moja ilisema kwamba China inapotoa msaada wa kiufundi itahakikisha watumishi wa nchi inayopokea wanaumudu ufundi huo kikamilifu. Nyingine ilisema kwamba wataalamu wa China wataishi kwa kiwango kilekile cha wataalamu wa nchi wenyeji, bila kudai maslahi ya pekee. Kwa wafanyakazi waliokulia katika mfumo wa vyeo kwa rangi, kanuni hii ya pili ilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kila serikali ilikuwa na sababu yake ya kutaka mafunzo. China ilishindana na Wamarekani na Warusi kwa ushawishi barani Afrika, na ilitaka kuonesha kwamba msaada wake humfanya mpokeaji ajitegemee. Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha Februari 1967, likifuatwa Machi na sera ya Elimu ya Kujitegemea, iliyokosoa elimu ya kikoloni kwa kuitenga akili na mikono. Mradi wa reli ulikuwa fursa ya kuiweka falsafa hiyo kazini. Zambia ilitaka kupunguza utegemezi wake kwa mafundi wa kigeni, wengi wao kutoka nchi zilezile ilizokuwa ikipambana nazo.

Hata gharama za wafanyakazi zilipangwa kwa ushirikiano. Sehemu ya mkopo ililetwa kwa njia ya bidhaa za Kichina, ambazo ziliuzwa madukani Tanzania na Zambia, na fedha zilizopatikana zikalipia gharama za ndani, mishahara ikiwemo. Mpango huo ulizilinda nchi hizi dhidi ya uhaba wa fedha za kigeni, ingawa ulileta pia malalamiko kuhusu aina ya bidhaa na kasi ya kuuzwa kwake.

4.0 Shule tatu

Mafunzo ya wafanyakazi wa TAZARA yanaweza kugawanywa katika shule tatu, zilizotofautiana kwa mahali, muda na daraja la wanafunzi.

4.1 Kambini

Shule ya kwanza, iliyokuwa kubwa kuliko zote, haikuwa na ubao wala madawati. Ilikuwa ni kambi za ujenzi zilizohama na reli kutoka pwani, kupitia pori la Selous na bonde la Kilombero, hadi Mbeya, Tunduma na kuvuka mpaka. Kilele cha ujenzi kilikuwa mwaka 1972, ambapo Waafrika wapatao 38,000 na Wachina zaidi ya 13,000 walikuwa kazini kwa wakati mmoja. Kwa Tanzania, vijana wengi waliandikishwa kupitia wilaya, matawi ya chama cha TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi walitoka vijijini na hawakuwahi kushika zana yoyote isipokuwa jembe, panga na shoka.

Uwiano huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa wastani, Mchina mmoja alifanya kazi na Waafrika watatu. Hakuna chuo cha ufundi Afrika Mashariki ya wakati ule kilichokuwa na uwiano wa namna hiyo kati ya mwalimu na wanafunzi. Pia Mchina huyo hakuwa mhandisi wa kukaa ofisini. Mara nyingi alikuwa fundi au mfanyakazi wa reli mwenye uzoefu, aliyeshika chepeo na nyundo mwenyewe. Msimamizi wa kikoloni aliamuru akiwa amesimama pembeni, lakini huyu alifundisha kwa kutangulia.

Sehemu ya Mlimba hadi Makambako ndiyo ilikuwa mtihani mkuu wa shule hiyo. Hapo ndipo palipokuwa na sehemu kubwa ya mahandaki, na madaraja marefu kama lile la Mpanga, ambalo nguzo zake zinafikia karibu mita 50. Kazi ilifanywa kwa zamu, usiku na mchana. Kijana aliyeanza kwa kubeba kokoto aliweza kuhamishiwa kwenye kikosi cha zege, kisha cha kupasua miamba, kisha cha kutandika reli. Njia hiyo ya kupanda kutoka kazi moja hadi nyingine ndiyo ngazi ambayo mkoloni alikuwa ameikata.

4.2 Karakana

Shule ya pili ilikuwa katika karakana. Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, paligeuzwa kuwa kituo kikubwa cha vifaa, matengenezo na mafunzo ya ufundi mitambo. Hapo vijana walijifunza uchomeleaji, ukerezaji wa vyuma, umeme na matengenezo ya magari na mashine. Baada ya ujenzi, karakana ya Mang'ula iligeuzwa kuwa kiwanda cha umma cha kutengeneza zana na vipuri, jambo linaloonesha kwamba serikali ya Tanzania iliona thamani ya ujuzi uliokusanyika pale hata nje ya shughuli za reli.

Upande wa Zambia, mji wa Mpika ulipata karakana kuu na chuo cha mafunzo cha TAZARA, kilichoendelea kuandaa madereva, wakuu wa stesheni, mafundi wa ishara na watumishi wengine kutoka nchi zote mbili. Kuwapo kwa chuo kimoja cha pamoja kulikuwa na maana ya kiutendaji: dereva aliyetoka Dar es Salaam na mwenzake aliyetoka Kapiri Mposhi walipaswa kuzielewa ishara zilezile na kufuata kanuni zilezile.

4.3 Chuoni Beijing

Shule ya tatu ilikuwa ya wachache. Mwaka 1972 vijana 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kilichobobea katika masuala ya reli. Walianza kwa kujifunza Kichina, kisha wakaingia katika masomo ya usafirishaji, injini, mabehewa, mawasiliano na ishara, na uhandisi wa njia. Septemba 1975 walihitimu 179. Wahitimu hao ndio waliotarajiwa kuwa uti wa mgongo wa utaalamu wa reli, na baadhi yao walitumikia mamlaka hiyo kwa miongo kadhaa.

Tukilinganisha shule hii na ile ya kambini, tunaona kwamba kwa kila mwanafunzi mmoja aliyekwenda Beijing kulikuwa na Waafrika takriban 190 waliokuwa wakijifunza kwenye njia ya reli. Piramidi hiyo ilikuwa na kitako kipana sana na kilele chembamba sana, na matokeo yake yatajadiliwa katika sehemu ya sita.

5.0 Lugha ya kufundishia

Swali la lugha halikwepeki katika historia ya mafunzo yoyote. Mwalimu alizungumza Kichina. Wanafunzi walizungumza Kiswahili, Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kibemba na lugha nyinginezo. Wakalimani walikuwepo, lakini idadi yao haikuweza kutosha kila kikosi kilichokuwa porini. Ni kweli kwamba China ilikuwa imeanza kujiandaa mapema, kwani Redio Peking ilitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961. Lakini mtangazaji wa redio na msimamizi wa zege ni watu wawili tofauti.

Pengo hilo lilizibwa kwa vitendo. Mchina alionesha, Mwafrika akatazama, akajaribu, akasahihishwa, akarudia. Kumbukumbu za wafanyakazi zilizokusanywa na watafiti, akiwemo mwanahistoria Jamie Monson katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, zinalitaja jambo hilo mara kwa mara. Kumbukumbu hizohizo hazisimulii udugu peke yake. Zinataja pia kazi ya kuchosha, hofu ya wanyama wakali na nidhamu kali, na kwamba wageni na wenyeji waliishi kwa kiasi kikubwa katika makazi yaliyotengana. Makaburi ya Wachina yaliyopo Gongo la Mboto, nje kidogo ya katikati ya Dar es Salaam, yanakumbusha kwamba walimu wa shule hii nao walilipa gharama. Watanzania na Wazambia pia walipoteza maisha.

Kufundisha kwa vitendo kulikuwa na nguvu na udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba kulimpa nafasi mtu asiyejua kusoma, na kulilingana na namna ambavyo seremala, mhunzi na mjenzi wa mashua wamerithisha kazi zao kwa vizazi vingi katika jamii zetu. Udhaifu wake ni kwamba kunafundisha "vipi" kwa urahisi kuliko "kwa nini". Mkono unaweza kuiga namna ya kufunga nati ya injini. Lakini sababu ya injini kuchemka inapopanda mlima hudai maelezo, na maelezo hudai lugha. Pale ambapo kazi ilikuwa ya kujirudia, mbinu hii ilitosha. Pale ambapo tatizo jipya lilijitokeza, pengo la lugha liligeuka kuwa pengo la maarifa.

6.0 Baada ya ujenzi

6.1 Waliotawanyika

Reli ilifika Tunduma mwaka 1973 na Kapiri Mposhi mwaka 1975. Kila kipande kilipokamilika, maelfu ya wafanyakazi walimaliza mikataba yao, kwa kuwa kuendesha reli kunahitaji watu wachache kuliko kuijenga. Baadhi yao waliajiriwa na mamlaka mpya, na wengine wengi walirudi vijijini au kutafuta kazi mijini.

Hapa ndipo tunapoiona kasoro ambayo haikutokana na nia mbaya ya upande wowote, bali na kupishana kwa ratiba. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoweka msingi wa mfumo wa taifa wa mafunzo hayo, ilipitishwa Tanzania mwaka 1974. Wakati huo kazi kubwa ya kutandika reli katika ardhi ya Tanzania ilikuwa imekwisha, na vikosi vilikuwa vimeshavunjwa au kuvuka mpaka. Mfumo wa kupima na kuthibitisha ujuzi ulianza kujengeka wakati kundi kubwa kuliko yote la mafundi waliofunzwa kazini lilikuwa linatawanyika. Laiti mambo hayo mawili yangekutana, nchi ingeweza kuwatambua, kuwaorodhesha na kuwaendeleza maelfu ya watu ambao tayari gharama ya kuwafundisha ilikuwa imelipwa.

Hii haina maana kwamba ujuzi wao ulipotea wote. Mtu aliyejua kuchanganya zege hakulisahau somo hilo kwa kukosa cheti. Nyumba, visima, madaraja madogo na gereji za miji iliyokua kando ya reli, kama Ifakara, Mlimba na Makambako, zilihitaji mikono ya namna hiyo. Lakini ujuzi usiotambulika rasmi humnufaisha mwenye nao na majirani zake, bila kuingia katika hesabu ya taifa pale linapopanga mradi mwingine.

6.2 Waliobaki

Kwa waliobaki kazini, miaka ya kwanza ilikuwa ya misukosuko. Reli ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka, na kiwango hicho hakikuwahi kufikiwa. Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kuwabebesha wafanyakazi lawama zote. Bandari ya Dar es Salaam ilisongamana. Mvua kubwa za 1979 ziliharibu njia. Mwaka huohuo majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la Chambeshi nchini Zambia. Tayari Oktoba 1978 Zambia, kwa kubanwa na uhaba wa mbolea na msongamano wa shaba, ilikuwa imefungua tena njia ya kusini.

Hata hivyo, udhaifu wa ujuzi nao ulikuwepo, na ulionekana zaidi katika ngazi ya kati na ya juu: kupanga mzunguko wa mabehewa, kutunza akiba ya vipuri, kukusanya madeni, kutengeneza injini kwa wakati. Injini za mwanzo za Kichina zilitumia mfumo wa dizeli na haidroliki, nazo zilipata shida katika miinuko ya Mlimba–Makambako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zililetwa injini za dizeli na umeme kutoka Ujerumani Magharibi. Fundi aliyekuwa ameumudu mtambo wa kwanza kwa kuuzoea alilazimika kuanza upya na mtambo wenye mantiki nyingine, vipuri vingine na walimu wengine.

Muundo wa mamlaka yenyewe uliongeza ugumu. Kwa kuwa makao makuu yalikuwa Tanzania, uongozi mkuu ulitengwa kwa raia wa Zambia, na nafasi nyingine zikagawanywa kwa kuzingatia mizania ya nchi mbili. Mpango huo ulilinda usawa kati ya wabia, lakini uliweka uraia kuwa kigezo kando ya ustadi.

Wataalamu wa Kichina hawakuondoka wote mwaka 1976. Walibaki kama washauri, na idadi yao ikapungua kadiri miaka ilivyopita. Kuanzia 1983, baada ya serikali tatu kukiri kwamba uendeshaji umezorota, walirudishwa si kama washauri tu bali kama washiriki katika uendeshaji. Kanuni ya Zhou ya mwaka 1964 ilikuwa imeahidi umilisi kamili wa ufundi. Kurudi huko kulikuwa ni kukiri kwa pamoja kwamba umilisi huo haujakamilika.

7.0 Mjadala

Je, ushirikiano huu ulifaulu au ulishindwa? Jibu linategemea aina ya ujuzi tunaouzungumzia, na hapa inafaa kutofautisha ujuzi wa aina tatu: wa kujenga, wa kuendesha na wa kusanifu.

Ujuzi wa kujenga ulihamishwa kwa wingi na kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana katika eneo hili. Reli ilikamilika kabla ya muda uliopangwa, na iliwezekana kwa mikono ya vijana ambao miaka michache nyuma walikuwa wakulima na wafugaji. Ujuzi wa kuendesha ulihamishwa kwa kiasi: treni ziliendelea kutembea, abiria na wafanyabiashara wadogo wakasafiri, lakini uongozi na matengenezo yalihitaji msaada wa mara kwa mara.

Ujuzi wa kusanifu ndio uliohamishwa kidogo kuliko wote, na tarehe zenyewe zinaeleza sababu. Upimaji ulianza 1968 na ujenzi 1970. Wanafunzi 200 waliondoka kwenda Beijing mwaka 1972. Walipohitimu Septemba 1975, reli ilikuwa imeshafika Kapiri Mposhi. Hawakuwepo wakati maamuzi makubwa yalipofanywa: njia ipite wapi, mteremko uwe wa kiwango gani, daraja lijengwe kwa namna ipi, injini ziwe za aina gani. Walirudi kuhudumia kitu kilichokwisha kuamuliwa. Laiti kundi kama hilo lingepelekwa mara tu baada ya mkataba wa 1967, lingehitimu mwanzoni mwa ujenzi na kusimama bega kwa bega na wasanifu.

Inawezekana kupinga hoja hii kwa kusema kwamba hapakuwa na muda wa kusubiri, kwa kuwa Zambia ilikuwa inakabwa koo na Rhodesia. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini kuwapeleka wanafunzi mwaka 1968 kusingechelewesha ujenzi hata kwa siku moja. Kilichokosekana ni kuyaona mafunzo ya juu kuwa kazi ya mwanzo wa mradi. Yaliwekwa kama maandalizi ya makabidhiano, na elimu inayokuja mwisho humwandaa mtu kupokea funguo za nyumba ambayo hakushiriki kuichora.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba TAZARA ilikuwa shule kubwa kuliko shule yoyote ya ufundi ambayo Tanzania na Zambia zilikuwa nayo katika miaka ya 1970. Serikali tatu, bila lugha moja na bila utajiri mkubwa, zilifanikiwa kuunganisha ngazi iliyokatwa na ukoloni, na kumthibitishia kijana wa kijijini kwamba chuma, zege na mtambo havina rangi ya mtu. Huo ni mchango usiopaswa kubezwa kwa sababu tu tani milioni 2 hazikufikiwa.

Wakati huohuo, historia hii inatuachia masomo mawili. La kwanza ni kwamba wakati wa kutoa mafunzo ni muhimu sawa na wingi wake: mtaalamu anayeandaliwa baada ya maamuzi kufanywa atabaki mtunzaji wa maamuzi ya wengine. La pili ni kwamba ujuzi usipotambuliwa na kuorodheshwa hutawanyika pamoja na wenye nao, na nchi hulipia mara ya pili kile ilichokuwa nacho.

Masomo haya si ya makavazi peke yake. Septemba 2024 serikali zilezile tatu zilitia saini jijini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli hii. Majadiliano ya namna hiyo huanza kwa fedha, injini na mabehewa. Historia ya 1967 hadi 1983 inadai kwamba maswali mengine yaulizwe mapema: vijana wangapi watakaa mezani wakati wa usanifu, watasoma nini kabla kazi haijaanza, na nani atayaandika majina na ujuzi wao kazi itakapokwisha. Vizazi viwili vilivyopita maswali hayo yalipata majibu nusu. Waliosombeleza mataruma kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi walistahili majibu kamili, na wajukuu wao wanayastahili pia.